Miaka tisa nabebwa hapa Lamu, na nilichelewa kujifunza kuomba

#1 Mkwezi wa Zamani (Lamu, Langoni)

Assalamu aleikum ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, mnisamehe. Nauandika nimekaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na kofia ya viua ninayoishona nimeiweka kando kwa sababu mkono hautulii mpaka niliseme hili.

Wiki iliyopita alinijia mama mmoja. Mwanawe ameumia uti wa mgongo, karudishwa nyumbani kutoka hospitali, miguu haiwezi tena. Akaniuliza, "Wewe umeishi nayo. Nimfanyie nini mwanangu?" Nikamwambia habari ya mto wa kukalia, habari ya vidonda, habari ya kumpa maji mengi. Akashukuru akaenda zake. Usiku sikulala, maana jambo lililo kubwa kuliko hayo yote sikumwambia. Naliandika hapa alisome yeye na mwanawe.

Mimi nilikuwa mkwezi. Minazi ya watu wengi kisiwani hapa nimeikwea. Kazi ya mkwezi ni ya mtu mmoja: ukishafika juu huna mwenzio, una panga lako na miguu yako. Marehemu baba alikuwa na methali aliyoirudia mpaka sisi wanawe tukaiota: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nilikua nikiamini kuwa mwanamume ni yule asiyemgongea mtu mlango.

Mwaka 2016, wakati wa kusi, kulikuwa kumenyesha alfajiri. Nikateleza. Tangu siku ile, kuanzia kitovuni kwenda chini, sijihisi.

Nilipotolewa hospitali nikaletwa nyumbani kwa dada yangu, mjane, tukaishi wawili. Nikamwekea sharti moja: mtu yeyote asiingie chumbani kwangu. Nilikuwa na mpira wa mkojo, nilikuwa na harufu, nilikuwa navalishwa kama mtoto. Sikutaka yeyote aliyeniona juu ya mnazi anione vile.

Asiyejua haya naomba asome polepole. Mtu asiyejihisi akilala upande mmoja, nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu. Saa chache zatosha kidonda kuanza, na kidonda hicho chaweza kuchimba hadi mfupani, kikamuua mtu. Kwa hivyo usiku hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Dada yangu alinigeuza. Mwanamke mwembamba, mimi mwili mzito usioweza kujisaidia, mara nne kila usiku, miezi kumi na moja. Mchana anapika, anafua mashuka, anauza viazi karai jioni. Majirani wakija kunizuru, nimemwagiza aseme nimelala.

Mtaani nikawa nasifiwa. "Maskini, yule hamsumbui mtu." Maneno hayo yakinifikia kupitia dirishani, na wallahi nilifurahi nayo.

Hamsumbui mtu. Kwani dada yangu si mtu?

Alfajiri moja alikuwa akinigeuza nikamsikia akivuta pumzi ghafla. Akaenda chini kwa magoti. Mgongo umemshika, hawezi kunyooka, hawezi kusimama, analia kwa sauti ndogo ili asinitie hofu. Mimi nimebaki ukingoni mwa kitanda, nusu nimegeuka. Simu haina chaji. Mlango umetiwa komeo kwa ndani. Dirisha la chumba latazama kichochoro, na hata mtu akipita kwa kunong'ona namsikia.

Nilinyamaza. Sijui ni dakika ngapi, lakini zilikuwa nyingi. Dada yangu yuko sakafuni mbele yangu, na mimi natafuta bado namna ya kutomwita mtu. Katika yote yaliyonipata, hizo dakika ndizo ninazozionea haya, kuliko mpira na kuliko shuka.

Kisha nikasikia magurudumu ya mkokoteni na kijana akipiga kelele, "Simile! Simile!" Nikaita. Nililoita si neno, ilikuwa sauti tu. Mkokoteni ukasimama. Alikuwa kijana wa uhamali nisiyemjua, akipeleka mizigo kutoka gatini. Akapandia kwa jirani, akashukia kiwandani kwetu, yaani uani, akafungua komeo, akaingia chumbani. Akaona kila nilichokificha miezi kumi na moja.

Hakushangaa, hakutoa pole. Alikuja kitandani akaniuliza, "Nikushike wapi?"

Ndugu zangu, sikujua la kumjibu. Mwili ni wangu, na sikujua washikwaje, kwa sababu elimu yote ya mwili wangu nilikuwa nimeiacha mikononi mwa dada. Yeye ndiye aliyejua mkono upite wapi, goti likunjwe lipi kwanza, ni wapi ngozi imeanza kuwa nyekundu. Ilibidi aniambie kutoka sakafuni, naye ana maumivu, mimi nimwambie kijana. Tukafanya hivyo watu watatu.

Dada alilala wiki saba. Mpaka leo ndoo iliyojaa haiinui.

Nilichochelewa kujua ni hiki: nilipokuwa najiona simtegemei mtu, nilikuwa namtegemea mtu mmoja mpaka nikamvunja. Nilikuwa na haki ya kuona haya, lakini malipo ya haya yangu aliyatoa yeye.

Baada ya hapo watu wa mtaa wakaingia, wakanipangia zamu. Sasa ni wanane, wanaume na vijana, tuna kundi letu la WhatsApp. Usiku sihitaji tena kugeuzwa na mtu, nimewekewa kamba darini nayo najivuta. Mpira nautia mwenyewe, nautoa mwenyewe, kwa saa zake. Nikiwa kitini najiinua kwa mikono kila baada ya muda ili makalio yapate damu. Mengi nayafanya peke yangu kuliko zamani, na nimeyaweza kwa kuwa wengi walinishika wakati nikijifunza. Wakati ule wa mtu mmoja sikuweza hata moja.

Na kubebwa kuna maarifa yake. Mahamali wa gatini nimewafunza, wao wananifunza. Msinishike makwapa, bega litachomoka. Kiti changu kishikwe kwenye vyuma vyake, kisishikwe kwenye mikono ya kupumzikia, maana ile hung'oka na mtu akaenda naye majini. Kupanda ngazi kiti kigeuzwe, nipande kinyumenyume. Kushuka nitazame mbele, kiti kimelazwa nyuma. Mmoja ndiye ahesabu, na mwenye kuhesabu ni mimi. Hilo la mwisho sikulipata kwa urahisi. Watu wazima huona ajabu mtu anayebebwa ndiye atoe amri.

Nataka kuwasikia wengine. Mlijifunza vipi kuomba? Na nyinyi mnaoombwa, mnaonaje?

---

#2 Mama wa Muyeye (Malindi)

Kaka yangu, nimesoma nikalia, nikaenda kumwangalia mwanangu amelala, nikarudi nikasoma tena.

Wangu ana miaka kumi na mmoja, ana mtindio wa ubongo. Tangu azaliwe sijawahi kulala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja. Babake yupo, lakini kumlisha amwogopa, asema atapaliwa. Kweli hupaliwa akilishwa amelala chali. Anatakiwa akae wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na umsubiri ameze. Haya najua mimi. Sikumfunza mtu.

Na nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilijivunia. Mtu akisema "hakuna amuwezaye ila wewe," nilikuwa nasikia utamu. Leo nimesoma kisa cha dada yako nikajiuliza: nikianguka mimi, nani ajua kile kijiko?

Kesho nitamketisha babake na mama mdogo, nitawaonyesha. Wataogopa, lakini niliogopa mimi pia, na nikaweza.

---

#3 Magurudumu Mawili (Mombasa)

Salaam. Mimi pia natumia kiti, miaka kumi na minne sasa, na nitapinga kidogo. Mkwezi asinichukie.

Kisa chako ni kizito, dada yako Mungu ampe afya. Lakini nyuzi kama hizi zanitia wasiwasi. Watu wa pwani tunapenda sana hadithi za majirani wema. Tukishazisoma tunafuta machozi, na ngazi zinabaki pale pale. Gati lina ngazi, benki ina ngazi, ofisi ya huduma iko ghorofa ya kwanza, na kila ukiuliza waambiwa, "Usijali, vijana watakubeba." Sitaki vijana wanibebe! Nataka niingie nilipe bili yangu nitoke, bila kumpa mtu yeyote asante.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, haikuandika fadhila. Imeandika kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa na kuitwa kwa heshima, na haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachowezekana, na kwenye usafiri wa umma, na kupata habari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwapo tangu 2003, na mwaka 2025 tukapata mpya. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya laki tisa nchi nzima, kuanzia umri wa miaka mitano. Hao wote wangoje kijana wa mkokoteni apite?

Huko Marekani alikuwako Ed Roberts. Polio ilimpoozesha kuanzia shingoni mwaka 1953, akiwa na miaka 14. Alihitaji mtu wa kumvisha, wa kumlisha, na mashine ya kumsaidia kupumua. Yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha kujitegemea pale Berkeley mwaka 1972. Kujitegemea kwao hakukuwa kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Kulikuwa kuamua nani avifunge, saa ngapi, na kwenda wapi baadaye. Msaidizi wako ana mshahara, ana saa zake, na asipofaa waajiri mwingine. Huwezi kumwajiri jirani, na huwezi kumfuta. Siku umekosana naye, utavukaje?

---

#4 Kijana wa Gati

Naomba nijibu hilo la mwisho, mimi ni mmoja wa wanaombeba huyo mzee wetu. Tumewahi kukosana naye, vibaya, kwa ajili ya deni la mtu mwingine. Wiki mbili hatusemezani. Siku ya kliniki, iliyo ng'ambo ya maji, nilikuwa zamuni. Nilikwenda, nikamshika, akahesabu moja mbili tatu, nikamvusha, nikamrudisha, bila salamu. Kubeba ni kubeba.

Lakini Magurudumu asema kweli kwenye ngazi. Maji yakipwa, zile ngazi za chini zina mwani, zateleza kama sabuni. Sisi wenyewe twaanguka na mizigo. Kila nikimshusha pale moyo wangu uko mkononi.

---

#5 Binti Matondoni

Nyote mwaongea upande wa anayebebwa, na Mama wa Muyeye ni mama, mama hana la kukataa. Niruhusuni niseme upande wangu.

Nimemlea bibi yangu asiyeona miaka sita. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanza. Nampenda, na yupo hai, na leo asubuhi nimempaka mafuta. Lakini sikuulizwa. Palikuwa na wajukuu wa kiume wanne, hakuna aliyeitwa. Ilionekana kama jua kuchomoza: msichana yuko, basi amlee. Shule ya ufundi niliyopata nafasi ikapita.

Kwa hivyo unaposema "watu wa mtaa wakanipangia zamu, wanaume na vijana," mimi nilisimama hapo. Hilo ndilo nililotaka kulisikia. Zamu yako ina wanaume. Kabla ya hapo, miezi kumi na moja, alikuwa mwanamke mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Hata wewe hukuona. Nakuheshimu kwa kuwa umeandika.

Mwenye ulemavu ajifunze kuomba, sawa. Na aombe wale ambao hawajazoea kuombwa.

---

#6 Mwalimu wa Chuoni (Lamu)

Watoto wangu, nimesoma. Nitaongeza moja tu kisha nikalale.

Sahaba Abdullah bin Ummi Maktum hakuwa akiona. Alikuwa mwadhini wa Mtume, rehema na amani zimshukie, pamoja na Bilal. Bilal akiadhini kungali usiku, na watu wakaambiwa kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Sasa fikirini. Adhana yake ndiyo iliyofunga daku ya Madina, na yeye alfajiri hawezi kuiona. Alikuwa hapandi kuadhini mpaka aambiwe, "Kumekucha, kumekucha."

Mtu wa kumwambia angeweza kuadhini mwenyewe, alikuwa na macho na sauti. Kazi haikuondolewa kwa Ibn Ummi Maktum. Yeye alimtegemea mtu mmoja kwa neno moja, na mji mzima ukamtegemea yeye kwa saumu yake. Nimesomesha kisa hiki miaka thelathini kama kisa cha adhana. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekisoma kwa jicho hili.

---

#7 Msomaji wa Kilifi

Maalim amenikumbusha Henry Wanyoike, mkimbiaji wetu wa Kenya. Alipofuka mwaka 1995 kwa kiharusi, alilala anaona akaamka haoni. Michezo ya Olimpiki ya walemavu Sydney mwaka 2000, mbio za mita 5,000. Mkimbiaji asiyeona hukimbia ameshikana na kiongozi wake kwa kikamba mkononi. Siku ile kiongozi alikuwa mgonjwa, karibu na mwisho nguvu zikamwishia, akawa aanguka. Wanyoike hakuwa na ruhusa wala uwezo wa kumwacha, akamvuta. Asiyeona akamkokota anayeona mpaka kwenye mstari, na dhahabu akaipata.

Hakuna asiyechoka katika kamba ile.

---

#8 Mkwezi wa Zamani (Lamu, Langoni)

Nimerudi. Nilikuwa na wageni.

Binti Matondoni, kwanza wewe. Maneno yako nimemsomea dada. Amenyamaza, kisha akasema, "Mwambie na mimi sikuulizwa." Miaka tisa hajawahi kuniambia hilo. Tumekaa nalo jioni nzima na sina la kuongeza hapa, ila kwamba alikuwa amelibeba muda wote huo na mimi nilidhani tumeshayamaliza.

Magurudumu Mawili, sikuchukii hata kidogo. Nusu ya unayosema nayakubali bila sharti. Hospitali moja, sitaitaja, daktari alinitazama akamwuliza dada yangu, "Anasikia maumivu wapi?" Nipo hapo, nina ulimi. Ndipo niliposoma ibara ya 54. Nimeikariri kama Yasini. Na lile la kupiga asante kila mahali, nalijua linavyochosha. Kuna siku meno yauma kwa kutabasamu.

Lakini njoo Lamu nikuonyeshe. Mlango wa nyumba yetu una vipandio viwili na kizingiti, jumla sentimita thelathini na tano, nimepima. Kwa kanuni ya mafundi wa njia za mteremko, kila sentimita moja ya kwenda juu yataka kumi na mbili za urefu. Hizo ni mita nne na ushee. Kichochoro chenyewe hakifiki mita mbili, punda wawili wenye mawe wakikutana mmoja sharti arudi nyuma. Upande wa pili ni ukuta wa jirani, na mji huu tangu 2001 uko katika orodha ya urithi wa dunia, ukuta haubomolewi kwa sababu yangu, wala nisingependa ubomolewe. Hapo ubao mfupi na mikono ya watu ndiyo dawa. Mita nne sina pa kuzitoa.

Gatini ni habari nyingine. Pale nafasi ipo, bahari nzima ipo. Pale hakuna udhuru, na ukisema mikono ya watu isiwe pazia la kufunikia ngazi mbovu, naweka saini. Nimekuwa nikipanga maisha yangu kwa mwezi mwandamo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, tarehe mosi na kumi na tano, maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, na kliniki ni asubuhi. Yaani saa ninayotakiwa kuvuka ndiyo saa mashua iko chini kabisa na ngazi zote za mwani ziko wazi. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, tarehe saba, nane, asubuhi maji yako juu kiasi, vipandio viwili tu na niko mashuani. Mwenye miguu hajui hata kuwa kuna tofauti. Nimekuwa nikimwomba mwuguzi wa huko anipangie tarehe kwa mwezi wa Kiislamu, naye siku ya kwanza alidhani ni ibada.

Uliuliza, siku nimekosana na jirani nitavukaje. Kijana amekujibu na sitaongeza sifa juu yake, atavimba. Nitasema hili tu: mshahara ningelipa lau ningekuwa nao. Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wasiojiweza, ni shilingi elfu mbili kwa mwezi. Lakini pia si kweli kwamba mimi napokea tu. Nakaa dakani kuanzia baada ya alfajiri mpaka magharibi nashona. Mtaani hapa ni mimi peke yangu ambaye watu wana hakika atakuwapo. Nina funguo za nyumba nne. Watoto wakitoka shule na mama hayupo, wakaa kwangu. Mzigo ukifika kutoka gatini na mwenyewe yuko shamba, wasainiwa na mimi. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Ilianza kwa ufunguo mmoja.

Sijui kama hayo yalipa deni. Nadhani hayalipi, na nimeacha kupiga hesabu. Nilipokuwa mkwezi nilipenda hesabu ya papo kwa papo: nazi hizi, pesa hizi, kwaheri. Sasa nina watu wanane nisioweza kuwalipa na wao wana mtu mmoja wasiyeweza kumwacha, na tumezoeana na hali hiyo.

---

#9 Magurudumu Mawili (Mombasa)

Umenijibu vizuri, na hesabu ya kichochoro imeniweza. Nabaki na gati.

Kuna gati za kuelea. Maji yakipanda zapanda nayo, yakipwa zashuka nayo, na daraja lenye bawaba linaunganisha na nchi kavu. Mashua na sakafu huwa sawa saa zote, kwa bamvua na kwa maji mafu. Mteremko wa lile daraja ndio wa kuangaliwa, maana maji yakipwa sana huwa mkali. Lakini yafanyika, na si wewe tu utakayefaidi: wajawazito, wazee, na hao vijana wenye mizigo wanaoteleza kwenye mwani.

Nakiri pia jambo moja lililonijia usiku. Aprili 1977, huko San Francisco, watu wenye ulemavu zaidi ya mia moja, Judith Heumann akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliingia jengo la serikali wakakataa kutoka zaidi ya wiki tatu, mpaka kanuni za kifungu cha 504, kile cha sheria ya Marekani kinachokataza kuwabagua wenye ulemavu, zikatiwa saini. Mimi hukitaja kisa hiki kila nikisema habari za haki. Ila kuna sehemu nilizoea kuiruka. Simu zilipokatwa, viziwi waliokuwa ndani ndio waliopitisha habari nje, kwa lugha ya ishara madirishani. Chama cha Black Panther, cha Wamarekani weusi, kiliwaletea chakula cha moto. Wasioweza kujisaidia walisaidiwa na wenzao waliokuwa humo ndani. Kwa hivyo hata haki zile walizidai huku wakibebana. Sijui kwa nini nilikuwa nairuka. Labda niliona yapunguza ukali.

Barua ya gati tuiandike. Nina uzoefu wa barua hizi, najua iende wapi na inukuu ibara gani. Nahitaji vipimo: urefu wa ngazi maji yakiwa juu, na yakiwa chini kabisa.

---

#10 Kijana wa Gati

Vipimo mimi nitaleta. Bamvua ijayo nitashuka na futi saa nne asubuhi, nipige na picha.

---

#11 Mama wa Muyeye (Malindi)

Nimekuja kuwaambia tu. Leo mchana babake amemlisha. Uji, bakuli zima. Ilichukua saa nzima na mikono ilimtetemeka, na mimi nilikuwa nimekaa nje mlangoni nimejizuia nisiingie. Mtoto alikohoa mara moja nikasimama, nikakaa tena.

Ijumaa naenda kulala kwa mama yangu Gede. Usiku mmoja.

---

#12 Mkwezi wa Zamani (Lamu, Langoni)

Mama wa Muyeye, nenda. Simu iwe na chaji.

Magurudumu, vipimo utapata. Barua nitaitia saini, na wanane wangu wataitia, na dada ameuliza kama na yeye aruhusiwa. Nimemwambia aandike jina lake la kwanza kabisa, juu ya langu.

Yule mama niliyemwanzia uzi huu amenipigia. Mwanawe hataki mtu aingie chumbani. Nimemwomba amwambie kuwa kuna mtu angependa kuja, ana kiti kama chake, na hataingia asiporuhusiwa. Amekubali nikae mlangoni tuongee mlango ukiwa umefungwa. Nyumba yao iko Mkomani, ndani ndani, kuna vipandio vitatu. Kijana, zamu ni yako na mwenzio. Twende kesho baada ya laasiri, kukipoa. Nikifika pale mniache dakani mwende zenu, nitawapigia.

Na kliniki ni tarehe nane. Maji yatakuwa juu. Saa tatu na nusu gatini.